Masika Yakifika: Namna ya Kuhifadhi Vifaa vya Mlimani Mpaka Msimu Ufunguke

Miongozo mingi ya kutunza mahema imeandikwa na watu wanaopumzisha vifaa vyao wakati wa baridi, theluji ikiwa nje na hewa ya ndani ikiwa kavu. Sisi tunaofanya kazi Moshi na Arusha mambo yetu yako kinyume. Wageni wa Kilimanjaro hupungua Aprili na Mei, na hizo ndizo siku ambazo masika imekolea. Vifaa vinashuka mlimani vimelowa, kisha vinakaa stoo katika miezi yenye unyevu mwingi kuliko yote ya mwaka. Ukifuata ushauri wa wenzetu bila kuliangalia hilo, utafungua stoo mwezi Juni na kukuta hasara.

Mimi niliikuta. Kampuni niliyokuwa natunza stoo yake miaka ile ilipeleka safari ya mwisho mwishoni mwa Machi. Mahema tisa yakarudi na umande, tukayakunja hivyo hivyo kwa sababu kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda kwao. Hayakuwa mapya, lakini yalikuwa mazima. Nilipoingiza mkono kwenye mfuko wa kwanza mwezi Juni, kitambaa kilinishika vidole kama karatasi ya pipi. Harufu ilikuwa ya matapishi. Nilipolikunjua, ile tepu inayoziba mishono ilibanduka kwa urefu wote kama gamba la nyoka, na sakafu ilikuwa imejaa madoa meusi. Mahema saba kati ya yale tisa hayakupanda tena mlima.

Kilichotokea kinaeleweka vizuri. Kitambaa cha hema ni nailoni au poliesta, na upande wa ndani hupakwa utando mwembamba wa plastiki unaoitwa poliurethani, ndio unaozuia maji. Unyevu ukikaa na joto kwa muda mrefu huuvunja utando huo, ukaanza kunata na kunuka. Ukifika hapo hakuna dawa. Ndiyo maana nasema upepo wa kambi ya Barafu hauliui hema haraka kama stoo yenye unyevu. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa chini ni njia ya kuhakikisha hakuna kinachoingia stoo kikiwa na maji.

Anza katikati ya Machi, usisubiri safari ya mwisho

Hili ndilo kosa tunalolifanya wengi. Tunasubiri msimu uishe kabisa ndipo tufue, na wakati huo jua limeshakuwa la kubahatisha. Mara tu uone idadi ya safari imeanza kupungua, toa vifaa ambavyo havitapanda tena na uvimalize vikiwa na jua. Mabegi ya kulalia ya ziada yatangulie, hasa yale ya manyoya ya bata, kwa sababu hayo hukauka kwa siku, si kwa saa. Mahema ya kulia na ya jikoni, yaani yale makubwa, yafuate. Bakiza vifaa vya safari moja au mbili tu za kuhangaika navyo mvua ikiwa imeanza.

Ukaguzi ufanyike pamoja na waliovitumia

Siku ya kurudi, kabla wagumu, yaani wapagazi, hawajatawanyika kwenda mashambani kwao Marangu, Machame au Kibosho, kaa nao nusu saa pale uani. Mtunza stoo anaona hema lililokunjwa. Mpagazi ndiye aliyelifungua kambi ya Karanga usiku upepo ukivuma. Muulize: zipu ipi ilikuwa inakwama? Hema lipi lilivuja, na lilivuja kona gani? Ufito upi ulipasuka mkaufunga tepu? Majibu yake yatakuokolea siku mbili za kutafuta tundu.

Kila kifaa kiingie fungu mojawapo kati ya matatu: kizima, cha fundi, au cha kutoa spea. Fungu la tatu watu hulionea huruma, wakarudisha hema lililochoka kwenye rafu kwa kuwa lilinunuliwa ghali. Usifanye hivyo. Hema lililokufa utando lina zipu, fito, vigingi, ndoano na kamba nzuri zitakazoponya mahema mengine manne. Livue hivyo vyote, vitie kwenye ndoo yenye jina, na kitambaa kikafunikie kuni.

Kuosha

Hema halifuliwi kwa mashine na halisuguliwi kwa brashi ya nguo. Lisimamishe uani kama unavyolisimamisha kambini, fagia ndani, kisha chukua sponji laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche kidogo sana. Sabuni ya unga na dawa za kung'arisha nguo zinakula utando na kuudhoofisha uzi, kwa hiyo zikae mbali. Anza na sakafu kwa nje, ambako ndiko kuna tope la msituni, kisha kuta. Suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki huvuta maji na uchafu.

Mlima wetu ni wa volkano, na vumbi la kuanzia uwanda wa Shira kwenda juu ni laini mno. Linaingia kwenye meno ya zipu na kukaa humo kama msasa. Kwa hiyo zipu zioshwe peke yake: mswaki wa zamani, maji safi, unapiga taratibu kufuata meno, pande zote mbili, zipu ikiwa wazi na kisha ikiwa imefungwa. Zikishakauka pitisha mshumaa juu ya meno. Mafuta ya kula au ya cherehani usipake, yatakusanya vumbi la safari ijayo.

Kama tayari kuna madoa ya ukungu, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pakaza kwa kitambaa, acha kwa muda, kisha suuza vizuri. Doa lenyewe huenda lisitoke. Unachotaka ni harufu iishe na ukungu usiendelee kutambaa, basi.

Kukausha ndiko kazi iliko

Hapa nakuomba usiharakishe. Hema linaloonekana kavu bado lina maji sehemu nne: kwenye mishono, kwenye mikunjo ya pembe pale vigingi vinapofungwa, ndani ya mfereji wa kupitishia fito, na chini ya ule mkanda mnene unaozunguka sakafu. Mimi hupitisha kidole gumba na cha shahada kwenye mshono wa sakafu, kona hadi kona, nikibana. Penye maji vidole vinahisi ubaridi kabla macho hayajaona chochote. Pakiwa baridi, hema linarudi kambani.

Jua kali la mchana si rafiki wa nailoni. Mwanga wa jua huuchosha uzi, na hema lililoachwa kambani siku tatu mfululizo hupoteza nguvu bure. Saa moja ya jua kulimalizia haina shida. Kazi kubwa ifanywe na kivuli na upepo. Baraza lenye paa pana linafaa kuliko uwanja. Funga kamba mbili sambamba, umbali wa mita moja, ulaze kava la mvua juu yake kama paa ili hewa ipite chini. Hema la ndani litundike peke yake, milango ikiwa wazi.

Mvua ikikuzidi, ingiza kila kitu ndani ya chumba kimoja, tundika darini na uwashe feni. Feni ya kawaida ya mezani, madirisha yakiwa wazi pale mvua inapokatika, itakausha hema kwa siku moja hadi mbili. Moto wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usifikirie hata kidogo. Hewa yake inaua watu, na cheche moja inatosha kuteketeza stoo nzima.

Ukiwa na shaka kama hema limekauka, liache usiku mmoja zaidi.

Fito, mishono na viraka

Fito za alumini zifutwe kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu, hasa pale zinapoungana, maana chumvi ya jasho na tope hutafuna maungio. Unapozikunja, anza katikati kwenda nje. Ukianza mwisho mmoja, mpira wa ndani unavutwa wote upande mmoja na ndio unaokatika mapema. Mpira uliolegea ubadilishe sasa, ukiwa na muda na mwanga wa kutosha.

Tundu dogo liwekewe kiraka pande zote mbili, na pembe za kiraka zikatwe ziwe duara ili zisibanduke. Kabla hujanunua gundi, jua kitambaa chako kimepakwa nini. Hema lililopakwa silikoni hushika gundi ya silikoni tu. Nyingine itakaa wiki moja na kuchomoka. Hema lenye tepu za mishono ni la poliurethani, nalo lina gundi yake. Zipu iliyoanza kuachia meno mara nyingi haijafa: kile kichwa chake kimepanuka tu. Kibane kidogo sana kwa koleo, upande huu na upande huu, ujaribu. Kikikataa, mpelekee fundi cherehani abadilishe kichwa peke yake kabla hujakubali kulipia zipu nzima.

Mabegi ya kulalia

Begi la kulalia linatia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au pamba yake ya viwandani. Lile fuko dogo la kulibana ni la kubebea mgongoni. Ukiliacha begi humo miezi miwili, manyoya yanalala na hayainuki tena vizuri, na mgeni wako atatetemeka Barafu usiku wa kuamkia kileleni, ndani ya begi lililoandikwa kuwa linastahimili baridi kali.

Kwa hiyo yaachie. Kwa kifuko cha kuhifadhia, foronya mbili kubwa zilizounganishwa zinatosha, au mfuko ulioshonwa kwa shuka kuukuu. Kiwe kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, kamwe usitumie plastiki. Penye nafasi, yatundike kwenye fito za mbao kwa vile vitanzi vya miguuni. Sisi tuna fito mbili ndefu darini, kila moja inabeba mabegi kumi na mawili, na kati ya begi na begi mkono unapita.

Kufua begi la manyoya ni kazi ya nadra, na Aprili si mwezi wake. Linahitaji sabuni yake maalumu, karai kubwa, na siku kadhaa za kuvunjavunja mabonge kwa vidole linapokauka. Likishalowa, lisinyanyuliwe kwa kuvutwa upande mmoja, maana uzito wa maji huchana kuta za ndani zinazotenga manyoya. Pitisha mikono miwili chini yake kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala. Kama masika imeshaingia, futa kola na sehemu ya uso kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, lianike kivulini, na ufuaji wa kweli usubiri Juni. Mabegi yenye bitana ya kuvua huleta nafuu kubwa: bitana inafuliwa kila safari, begi lenyewe mara moja kwa mwaka au zaidi.

Magodoro, buti na tochi

Godoro la kujijaza hewa lihifadhiwe limekunjuliwa na kizibo chake kikiwa wazi, ili unyevu wa pumzi utoke. Yale ya sponji ngumu yasimamishwe tu ukutani, yakiwa yameinuliwa kutoka sakafuni.

Buti za kukodisha zitolewe soli za ndani, zioshwe tope, zijazwe magazeti na kubadilishiwa kila jioni mpaka gazeti litoke kavu. Zisikaribie jiko. Na buti isiachwe miaka bila kuvaliwa ukidhani unaitunza, kwa sababu soli nyingi zina poliurethani ileile, nazo hubomoka kama keki ya jana baada ya kukaa sana. Zizungushe zote, mpya na za zamani, zipate kutembea.

Tochi za kichwa zitoe betri, zote, hata kama bado zina moto. Betri ya kawaida ikivuja huacha unga mweupe unaokula vyuma vya ndani. Ukiukuta, futa kwa pamba yenye siki na ukaushe. Betri za kuchaji za lithiamu ziachwe na chaji karibu nusu, mahali pasipo na joto. Chupa za maji na chupa za chai zikae bila vifuniko. Mifuko ya maji yenye mrija isuuzwe kwa maji ya ndimu, kisha uingize kijiti ndani ili pande mbili zisigusane.

Vyombo vya jikoni na gesi

Vyombo vya kupikia visikae chumba kimoja na mahema. Mafuta, moshi na punje moja ya mchele chini ya mfuko vinamwita panya, na panya akishaingia hachagui. Atatafuna begi la manyoya atengeneze kiota. Masufuria yaoshwe kwa maji moto, yakaushwe, yafunikwe. Chakula kilichobaki kigawiwe, kisihifadhiwe.

Mitungi ya gesi, hata inayoonekana mitupu, ikae nje ya stoo, wima, kwenye banda lenye kivuli na wavu unaopitisha hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa chini na kujaa shimoni au pembeni mwa chumba, ikisubiri kiberiti. Ondoa regulata, funga koki, weka kofia. Kagua kila koki na mpira kwa povu la sabuni. Povu likivimba, mtungi huo unarudi kwa muuzaji siku hiyohiyo. Mpira wenye nyufa unapoukunja usiutie tepu, nunua mpya.

Kuipanga stoo yenyewe

Chumba kizuri kina dirisha pande mbili na paa lisilovuja. Kabla hujaingiza chochote, simama ndani mvua ikinyesha na utazame juu. Kisha weka mapaleti ya mbao sakafuni na rafu zilizoachana na ukuta kwa kiganja kimoja, maana ukuta wa masika unalia maji, na mchwa wanapanda kwa ukuta.

Mahema hayarudi kwenye mifuko yao ya kubania. Yakunje kwa ulegevu, au yasokote tu ndani ya gunia la kitambaa, na usifuate mikunjo ileile ya kila safari kwa sababu utando hupasuka pale unapokunjwa mahali pamoja. Mazito yakae chini, mahema rafu ya kifuani, mabegi ya kulalia juu. Ukanda wa katikati uwe wazi wa kupita watu wawili. Vikapu viwili vitatu vya mkaa mkavu pembeni husaidia kuvuta harufu na unyevu kidogo, lakini havichukui nafasi ya dirisha lililofunguliwa siku ya jua.

Dawa ya nondo ya vidonge vyeupe siipendi. Harufu yake huingia kwenye begi la kulalia na mgeni ataivuta usiku kucha, na si salama. Wazee wetu huweka majani makavu ya mwarobaini kwenye nguo na nafaka; nami huyafunga kwenye kitambaa na kuyatundika kati ya mabegi.

Kama wewe huna kampuni, una hema moja la familia au la maskauti wa shule, hayo yote yanaingia kwenye tranka la bati. Panya hawezi kulitoboa. Ila hema liingie kavu kabisa, ndani ya foronya, na siku za jua ufungue mfuniko lipate hewa, kwa sababu bati lililofungwa hushika unyevu vizuri kama linavyomzuia panya.

Namba na daftari

Kila hema lina vipande vinne vinavyopenda kupotezana: hema la ndani, kava la mvua, fito, na mfuko wa vigingi. Viandike vyote namba moja kwa kalamu isiyofutika, na kwenye fito zungusha tepu ya umeme ya rangi. Hema namba 14 likikutana na kava namba 17, utaligundua pale uani, si Shira jioni mvua ikinyesha.

Daftari la stoo liwe na ukurasa kwa kila namba: mwaka wa kununuliwa, safari lilizopanda, kasoro iliyoletwa na nani, ilitengenezwa lini na kwa gundi gani. Vigingi vihesabiwe. Kamba zihesabiwe. Pale mtu anapochukua kitu katikati ya masika, hata bosi, asaini.

Wakati wa mvua, na siku ya kufungua

Mara moja kila wiki ingia stoo, fungua madirisha kama kuna jua, na nusa kabla hujatazama. Chagua magunia matatu bila mpangilio, ingiza mkono mpaka chini. Kipima unyevu kidogo cha kutundika ukutani ni msaada mzuri. Kikikaa juu ya asilimia 70 siku nyingi, washa feni. Tafuta kinyesi cha panya nyuma ya rafu ya chini na vijia vya mchwa ukutani.

Mwishoni mwa Mei, kabla simu za msimu hazijaanza, simamisha kila hema uani. Mtu mmoja aingie ndani na tochi, afunge zipu zote. Mwingine amwage maji ya ndoo kutoka juu, polepole, kufuata mshono mmoja baada ya mwingine. Aliye ndani akipiga kelele, weka alama ya chaki palepale kwa nje. Kisha hema likaushwe, lipelekwe kwa fundi, na ukurasa wake uandikwe upya kabla halijatiwa kwenye mfuko wa safari.